Dawa ya Ngoma ya Ambindwile

Wasikilizaji wapendwa, leo namkumbuka Ambindwile Mwaisumo wa Kyimo, hapa Rungwe. Mpiga gitaa la besi, mpiga tabla. Tumemzika Jumamosi, nyuma ya migomba yake, akiwa na miaka sitini na nane. Na niseme mapema: leo sina sauti tamu. Nina kinyaa.

Tabla, kwa asiyeijua, ni ngoma mbili ndogo za Kihindi zinazopigwa kwa vidole. Juu ya ngozi kuna duara jeusi, limegandishwa kwa unga wa chuma. Duara hilo ndilo linaloifanya ngoma iimbe. Ambindwile alifundishwa na fundi cherehani mmoja wa Kihindi, Mbeya, enzi zile akipiga muziki wa fanki kwenye mabaa. Yule mzee alipohama alimwachia tabla zake.

Sasa sikieni alichofanya. Alichukua tarumbeta, hizi hizi tulizozoea kanisani, akaziweka na besi ya fanki, halafu tabla juu yake. Mpuliza tarumbeta alikuwa mwalimu Cosmas, mtu wa Moshi aliyeletwa kufundisha hapa.

"Mara ya kwanza nilicheka," Cosmas ameniambia. "Mara ya pili nikakosa pa kuingilia. Mzee anahesabu mapigo kumi na sita, mimi nimezoea manne! Akaniambia, mwalimu, acha kuhesabu, fuata kidole changu."

Niliwasikia mwenyewe, barazani kwake, mvua inapiga bati. Nywele zilinisimama. Nikamwambia alete wimbo uliorekodiwa, tutaurusha. Mwaka mzima nilimwambia hivyo, na kinasa sauti kilikuwa kwenye begi langu. Aibu hiyo ni yangu.

Mwaka jana akapata siku studio, Mbeya. Siku moja tu. Majirani walikuwa wakimuuliza, lile duara jeusi ni kitu gani? Naye kwa utani wake akawajibu: "Hiyo ndiyo dawa. Bila dawa haiimbi."

Dawa! Neno hilo likatembea Kyimo nzima, likafika kwa mdogo wake, Lugano, ambaye ng'ombe wake wawili walikuwa wamekufa. Siku mbili kabla ya studio, Ambindwile akiwa shambani akichuma chai, Lugano aliingia ndani na brashi ya waya na maji ya moto. Akakwangua dawa yote. Ngozi ikabaki nyeupe pee.

"Nilimkuta bado anasugua," anasema mjane, mama Tupokigwe. "Nikamwambia, gwe, wewe Lugano, unafanya nini? Akanijibu, shemeji, nawaokoa."

Ambindwile alisaga wali na masizi, akapaka. Ikapasuka. Akapaka tena. Ikalia kama debe. Studio hakwenda. Fundi wa kuitengeneza tulimtafuta hadi Dar es Salaam, na kabla hajapatikana kifua kikamlaza mzee. Hakurekodi hata wimbo mmoja. Narudia, wasikilizaji: hata mmoja.

Jumamosi, nani alisimama kusoma wasifu wa marehemu? Lugano. Kavaa suti, kashika kipaza sauti. "Kaka yangu alikuwa hazina ya muziki wa Rungwe." Na watu wakatikisa vichwa kwa huzuni, wale wale waliokuwa wakikwepa kupita nyumbani kwake. Mimi nilitoka nje ya turubai nikatema mate. Sijutii.

Mama Tupokigwe, mwalimu Cosmas, na familia yote: poleni sana, Mungu awatie nguvu. Nanyi wasikilizaji, tujiulize. Asiyejua huuliza. Mwenye ngoma alikuwa hai, alikuwa jirani yetu, na alikuwa anapenda sana kueleza. Tulishindwa nini kumuuliza mara ya pili?

Katika kipindi hiki, tukifika hapa, huwa tunampigia marehemu wimbo wake. Prisca, fundi mitambo wetu, ananitazama kupitia kioo, kidole kiko kwenye kitufe. Prisca, toa mkono. Hakuna cha kupiga.