Risala ya Bibi Tisa Wasiokubali Darasa Lao la Hisabati Lifungwe

Mgeni rasmi, Ofisa Elimu wetu, marahaba. Tumeitikia mapema, maana tunajua ulikuwa mbioni kutuamkia.

KARIBU

Sisi bibi tisa wa darasa la hisabati la jioni tunakukaribisha. Tumesikia umekuja na kufuli jipya. Nalo karibu, ila likae mfukoni.

TULIKOTOKA

Wengi wetu tuliishia shule ya msingi. Tumelea, tumezika, tumepumzika hadi tukachoka kupumzika. Ndipo tukaomba hisabati ya sekondari, na sasa tuko kwenye mifuatano ya namba.

MAFANIKIO

Mazoezi tunafanya kwa kufuma vitambaa vya duara. Unaanza na vishono sita, kila mzunguko unaongeza sita: sita, kumi na mbili, kumi na nane. Kitambaa kinalala vizuri. Msoma risala hii yeye alizidisha kwa mbili: sita, kumi na mbili, ishirini na nne, arobaini na nane. Kikajikunja chote.

"Wifi, hicho kitambaa au kabichi?" wifi yake, naye mmoja wetu, akamchokoza.

"Bibi, umejumlisha au umezidisha?" mwalimu akauliza.

"Mwalimu, mbona mwanzo vishono vyangu vilikuwa sawasawa na vya wenzangu!"

"Ndiyo, bibi. Namba mbili za kwanza hazikuambii kitu. Subiri ya tatu."

Kabichi lenyewe liko mezani kwako. Ndiyo maana glasi yako ya maji inayumba.

CHANGAMOTO

Changamoto ni wewe, mgeni rasmi. Jaribio la kwanza alifaulu mmoja wetu. La pili, wawili. Ofisi yako ikasema tumeshindwa, chumba kifungwe, twende nyumbani tukapumzike. Moja, mbili: inayofuata ni tatu au ni nne? Wewe mwenzetu umejuaje?

Vijana wakifeli huambiwa warudie. Sisi tukifeli tunaambiwa tupumzike. Nasi tunataka kufeli kama watu wengine, tukarudia.

MAOMBI

Hatuombi chai wala fulana zenye picha yako. Tunaomba jaribio la tatu. Na kwa kuwa wewe una shughuli nyingi, ombi hili tumeshajikubalia wenyewe. Jumatatu saa kumi jioni tunaingia darasani. Tukikuta kufuli, tutahamia nje ya ofisi yako. Ukuta wake ni mpana, mweupe, na mmoja wetu anauza mkaa.

Mungu akuzeeshe salama, akupe hamu ya kujifunza jambo uzeeni, na asitokee mtu wa kukwambia kapumzike.

Ni sisi,
Darasa la Hisabati la Jioni,
Safu ya Mbele (nyuma hatuoni ubao).