Mwalimu Hellen Mwasomola na Shukrani Zilizohesabiwa Vibaya

Tarehe 30 Juni 1999 Mwalimu Hellen Mwasomola atakabidhi funguo za chumba namba nne, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, kumi na tisa kati yake hapa chuoni kwetu Bulyaga. Siku hiyohiyo, kwa tangazo lililobandikwa mwezi uliopita, somo lake la uchambuzi wa maudhui linafutwa kwa sababu, tumeambiwa, halina mteja. Chumba kitawekewa kompyuta na kozi ya kuchapa. Kwa hiyo tunaalikwa kuaga viwili kwa sherehe moja. Mmoja tunamuaga kwa heshima. Somo tunakataa kuliaga, na kurasa hizi ni za kueleza kwa nini.

Alizaliwa Lufingo mwaka 1944, akaanza kufundisha shule ya msingi mwaka 1968, akasoma hadi Chuo Kikuu, kisha akarudi Rungwe mwaka 1980, wakati wenzake wengi walikuwa wanatafuta kila njia ya kutorudi. Alikuja na masweta mawili na wazo moja: kwamba maneno ya watu yanaweza kupimwa kama shamba linavyopimwa, mradi mpimaji asivute kamba.

Kwa ambao hawakupita darasani kwake, kazi yenyewe ni hii. Unachukua hotuba au maandishi mengi. Kabla ya kusoma unaamua unatafuta nini na kitu gani kiingie kundi gani. Kisha unasoma yote kwa kanuni ileile, yanayokufurahisha na yanayokuudhi. Baada ya hapo mtu mwingine, asiyejua majibu yako, anasoma upya kwa kanuni hizohizo. Mkitofautiana sana, msiwalaumu waliosema. Laumuni kanuni zenu. Hakuna uchawi hapo. Ila njia hii inamnyima msomi starehe yake kubwa, ile ya kusikia alichotaka kusikia, na ndiyo maana wengi wanaisifu kwenye semina na kuikwepa wakirudi ofisini.

Mwaka 1992, maduka yalipojaa sabuni na redio za nje, aliwatuma wanafunzi mtaa wa Makandana wakanakili matangazo ukutani na kuangalia jambo moja: tangazo likisema kitu ni bora, linasema ni bora kuliko nini? Wafanyabiashara walipoona vijana wenye kalamu wakitazama kuta, walidhani ni watu wa kodi. Mtaa mzima ukafunga milango mchana kweupe. Ilibidi Mwalimu aende mwenyewe kuomba radhi, na Nurdin Sadalla, mwenye duka la jumla, akamjibu kwa sauti kutoka ndani bila kufungua: "Mama Lusungu, wanafunzi wako wana sura za mapato! Walete wenye sura za wateja!" Alifungua alipomaliza kucheka. Tangu siku hiyo walikuwa wanataniana kila wanapokutana. Na matangazo? Hakuna hata moja lililosema ni bora kuliko nini.

Miaka miwili baadaye utani uliisha.

Mwaka 1994 mradi mmoja wa mageuzi ya uchumi ulitaka kujua kama wakulima wa chai wanakubali vituo vya kupimia majani vijijini vifungwe, na kila mtu apeleke majani yake mwenyewe hadi kwenye lango la kiwanda cha mnunuzi mpya. Mikutano ilifanyika vijijini, hotuba zikarekodiwa kwenye kaseti, nyingi zikiwa na kishindo cha mvua juu ya bati, na chuo chetu kikapewa kazi ya kuzichambua. Kwa mwenye lori swali hilo lilikuwa dogo. Kwa mama wa Lufingo mwenye kikapu mgongoni na mteremko wa utelezi mbele yake, lilikuwa swali la kama chai yake ina thamani tena. Jani likichelewa, linaungua kwa joto lake ndani ya kikapu, na kiwanda hakilipi jani lililoungua.

Dakta Ackson, aliyekuwa mkuu wa idara, aliandika ripoti upesi. Aliwaambia wasaidizi wahesabu maneno ya kuridhika: asante, tunashukuru, na ndaga, yaani asante ya Kinyakyusa. Jibu likatoka tamu kabisa: wakulima wengi mno wameridhika, vituo vifungwe. Palibaki saini ya mkuu wa kitengo cha utafiti, yaani Mwalimu Hellen.

Alisoma ripoti akiwa amesimama, akaomba hotuba ya Mzee Andongwisye wa Lufingo. Ripoti ilimweka mzee huyo miongoni mwa walioridhika kuliko wote. Na kweli, alikuwa ameshukuru. Alimshukuru Mungu kwa mvua, wageni kwa safari yao, serikali kwa barabara, mwenyekiti kwa kumpa nafasi, na akina mama kwa maziwa waliyowapa wageni. Kisha akasema sentensi yake ya mwisho: "Mkifunga kituo, sisi chai tunang'oa, tunapanda migomba." Akakaa.

Kila aliyewahi kukaa katika mkutano wa Rungwe anajua kwamba hapa mtu mzima haanzi na hoja. Anaanza na shukrani, na kadiri jambo lilivyo zito ndivyo shukrani zinavyorefuka. Dakta Ackson naye ni mtoto wa hapahapa, anajua hivyo tangu akinyonya. Lakini alikuwa na tarehe ya kukabidhi na wafadhili waliokuwa wanasubiri, akawahesabu wazazi wake kama mtu asiyewajua. Hilo si kosa la hesabu. Hesabu ilikuwa sahihi, na hilo ndilo linalotisha.

Wiki ile kila idara ilikuwa inasubiri majina ya watakaopunguzwa kazi. Dakta alifunga mlango na kuongea kwa upole, mbele yetu watatu tuliokuwemo. "Mama, weka saini tu. Una watoto wanasoma." Mwalimu akajibu: "Ninao. Ndiyo maana sitaki waje waikute saini yangu hapo."

Kelele hakupiga, wala hakukimbilia magazetini. Aliomba jaribio. Hotuba ishirini zisomwe upya na watu wawili wasiozungumza, kwa kanuni moja tu: shukrani za mwanzo zisihesabiwe, tazama mwishoni msemaji anataka kifanyike nini. Msomaji wa kwanza angekuwa Tulia, mwalimu mpya wa maktaba. Wa pili alimtaja mwenyewe: Nurdin Sadalla.

Tulishtuka. Nurdin alizaliwa Tukuyu, Kinyakyusa anakiongea kuliko baadhi yetu, lakini mji mzima ulijua amenunua lori la Isuzu akitegemea vituo vifungwe apate kazi ya kubeba majani. Dakta Ackson alikubali papo hapo, na alitabasamu. Nasi tuliona Mwalimu amejinyonga mwenyewe. Alipoulizwa, alisema anataka msomaji ambaye akikubaliana naye, hakuna atakayesema alimhonga. Nurdin mwenyewe alilalamika: "Mwalimu, unataka nijifunge kamba mwenyewe?" Akajibiwa: "Nataka usome. Kamba uitafute baadaye."

Majibu yalifunguliwa Alhamisi, chumba namba nne, madirisha yamefungwa kwa ukungu na baridi. Hotuba moja ikasomwa, likafuatia jibu la Tulia, kisha jibu la Nurdin. Anapinga, anapinga. Anauliza kwanza, anauliza kwanza. Anapinga, anapinga. Hakuna aliyegusa chai yake. Mara mbili tu walitofautiana. Ilipofika zamu ya Mzee Andongwisye, Dakta Ackson aliweka kidole juu ya karatasi na kumkazia macho Nurdin: huyu ameshukuru mara ngapi? Nurdin alipandisha kofia yake.

"Dakta, huyu mzee akinishukuru hivi dukani kwangu, nafunga duka."

Chumba kizima kiliangua kicheko, Dakta akiwemo, na kicheko hicho ndicho kilichoimaliza ripoti ya kwanza. Mtu hawezi kucheka vile halafu akadai haelewi.

Ripoti ya pili ilikwenda na saini ya Mwalimu. Vituo vya Lufingo havikufungwa. Mnunuzi mpya alikuja, lakini majani yanapimwa kijijini hadi leo. Nurdin aliligeuza lori kubeba ndizi, na bado anadai Mwalimu amlipe matairi. Mwalimu hakupunguzwa kazi. Alipunguzwa kwa namna nyingine: ukuu wa kitengo ukaondoka, nafasi ya masomo ya juu ikapewa mwingine, akakaa miaka miwili akigonga mihuri kwenye vitabu vya maktaba pamoja na Tulia. Hakuna barua iliyoeleza sababu. Wanaopenda kusema soko huria limeleta uhuru wa mawazo watueleze bei ya mihuri ile.

Leo tunaambiwa somo halina mteja. Mama mwenye kikapu alikuwa mteja. Hakulipa ada, ni kweli. Alilipwa kwa kusikilizwa, jambo ambalo kozi ya kuchapa haitamfanyia hata mashine zikiwa mia.

Mwalimu Hellen, tunakushukuru kwa kutufundisha kusoma hadi mwisho. Tunawashukuru wanao waliotuazima mama yao jioni nyingi. Tunaushukuru uongozi kwa sherehe, kwa viti, kwa pilau, na kwa kukaa safu ya mbele. Pumzika Lufingo kwa amani, migomba ikuzalie, magoti yakukubalie mteremko, na wajukuu wakuchoshe vizuri. Ndaga fijo.

Sasa hoja yetu: somo lisifutwe. Tulia yuko tayari kulifundisha, na funguo za chumba namba nne akabidhiwe yeye.