Shangazi Aliyeizima Amplifaya Bila Kumzima Mpiga Gita

Ijumaa, tarehe thelathini ya mwezi huu, mkuu wetu wa kurekodi anastaafu rasmi baada ya kuitumikia studio hii kwa miaka thelathini na miwili. Jina lake kamili lipo kwenye kadi ya mwaliko, lakini humu ndani halitumiki. Kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, wote tunamwita Shangazi, naye hutuitikia kwa sauti ile ile ya mtu aliyekwishajua kwamba umekuja kumsumbua.

Wasifu huu aliombwa kwanza kuuandika mpiga gita wa bendi yetu ya studio, yule tunayemwita Radi. Akakataa, akasema hawezi, atalia. Ndipo kazi ikaniangukia mimi mpiga besi. Wapiga besi tumezoea kukumbukwa wa mwisho, na sina kinyongo, au niseme ninacho kidogo tu.

Shangazi aliajiriwa akiwa fundi umeme msaidizi. Siku zile tulikuwa tunarekodi kwa kanda, na mashine ilikuwa inakula kanda kila wiki. Aliifungua, akaitengeneza, kisha akakaa kuisikiliza kama kweli imepona. Hakutoka tena katika chumba kile. Akawa mrekodi msaidizi, akawa mrekodi kamili, na kwa miaka kumi na saba sasa amekuwa mkuu wa kitengo. Kwaya, matangazo ya sabuni, nyimbo za harusi na albamu zote za bendi yetu zimepita mikononi mwake.

Ana mambo yake. Ukikunja waya kwa kuuzungusha kwenye kiwiko, hatakugombeza. Atauchukua, ataukunjua wote sakafuni mbele ya wageni, halafu atakurudishia mkononi uanze upya. Friji la jikoni hulizima kila tunaporekodi, maana mngurumo wake huingia kwenye gita. Aliwahi kusahau kuliwasha, maziwa ya ofisi nzima yakaharibika, na mhasibu akamnunia wiki nzima. Tangu siku hiyo, kila akilizima friji huweka ndani yake ufunguo wa nyumba yake, ili asiweze kwenda nyumbani kabla ya kulifungua. Mume wake, fundi cherehani mwenye utani mwingi, husema ndiye mwanamume pekee anayefunguliwa mlango kwa ufunguo wenye baridi.

Lakini kikubwa alichotufanyia Shangazi kilitokea miaka tisa iliyopita, na bila hicho leo tusingekuwa na ukumbi wa kumuagia.

Studio yetu iko ghorofa ya pili. Mwaka ule chini yetu alihamia daktari wa meno. Ni mama mpole, lakini hakuna upole unaostahimili besi na gita juu ya dari wakati umeshika mashine ya kutoboa jino la mtu. Alilalamika mara ya kwanza kwa tabasamu na mara ya pili bila tabasamu. Mara ya tatu alikwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba akapanda ngazi na kutupa mwezi mmoja: ama kelele ziishe, ama sisi tuishe.

Dramu zilikuwa za umeme tayari, hazina neno. Mwimbaji naye si tatizo, sauti yake haipenyi sakafu. Tatizo lilikuwa amplifaya mbili, yangu na ya Radi. Yangu niliiaga bila machozi. Ya Radi ilikuwa nzito kama kabati la nguo, na ilibidi ipigwe kwa nguvu ndipo ilie anavyotaka. Radi alisema maneno machache tu: "Amplifaya ikitoka, na mimi natoka." Tulimjua. Ni mtu wa neno lake, na kichwa chake ni kigumu kuliko amplifaya yenyewe.

Hapo ndipo tulipokalia kuti kavu. Tukikubali kelele, tunapoteza chumba. Tukizikataa, tunampoteza mtu ambaye watu hununua nyimbo zetu kwa ajili yake. Mkurugenzi alikuwa ameanza kuulizia wapiga gita wengine kwa sauti ya chini. Shangazi alimkatalia mbele yetu sote. Alisema atavibakisha vyote viwili, chumba na mtu, na tusimuulize vipi kwa sababu bado hajui.

Alianza na mimi, nadhani kwa sababu ni rahisi kushughulikiwa. Besi ukiichomeka moja kwa moja kwenye mashine ya kurekodia hutoa sauti nyembamba, haina nyama. Inahitaji priampu, yaani kifaa cha mwanzo cha kuikuza ile sauti ndogo ya nyuzi na kuipa umbo. Shangazi aliazima priampu tatu kutoka studio za marafiki. Ya kwanza ilikuwa safi kama maji. Ya pili ilikuwa ya vali, vile vitaa vya kioo vya redio za zamani, nzito na yenye joto. Ya tatu ilikuwa na ukali fulani katikati. Mimi nikaipenda ya vali papo hapo, nikajisikia mfalme. Shangazi akakataa tusikilize besi peke yake. Akaweka dramu, akamweka na mwimbaji, kisha akawa anabadilisha priampu huku tukisikiliza wimbo mzima. Halafu akaniuliza ni ipi inayofanya mwimbaji aimbe vizuri zaidi.

Ilikuwa ya tatu, ile yenye ukali. Nilipopiga kwa ya vali, besi ilinona na mwimbaji akazama. Nilipopiga kwa ile ya tatu, kila neno lake lilisikika kama ameketi mapajani mwako. Iliniuma, sifichi. Lakini ndiyo ninayoitumia hadi leo, na mara mbili nimesifiwa na watu waliodhani wanamsifu mwimbaji.

Radi hakuwa rahisi namna hiyo. Shangazi alileta kisanduku kinachoiga amplifaya: gita linaingia huku, na kule inatoka sauti kana kwamba kuna spika na maiki, wakati chumbani kuna kimya kitupu. Siku ya kwanza Radi alipiga noti moja na sauti ikatoka kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Akavua gita akaelekea mlangoni. Shangazi alimwahi, akakiri kosa ni lake: kisanduku kina mpangilio wa kupeleka sauti kwenye amplifaya na mwingine wa kurekodia moja kwa moja, naye aliacha ule wa kwanza, kwa hiyo sehemu ya kuiga spika haikuwa ikifanya kazi. Alipoubadilisha, nyuki wakatoweka. Kwa masikio yangu ilikuwa sauti ya Radi mwenyewe. Kwa masikio ya Radi, hapana. Alisema anasikia gita la mtu mwingine aliyevaa viatu vyake.

Wiki mbili zikapita hivyo. Alijaribishiwa visanduku vitatu, akakataa vyote. Sisi tukaanza kufa moyo. Shangazi akaacha kugusa mashine, akafanya jambo ambalo hatukulielewa. Alimwomba Radi apige kwa amplifaya yake kama zamani, wakati wa chakula cha mchana daktari akiwa ametoka, naye akainama nyuma ya miguu ya Radi kama anatafuta hereni iliyoanguka. Aliinuka anacheka. Amplifaya ile ilikuwa sakafuni, inamlilia Radi magotini. Maisha yake yote alikuwa amesikia gita lake kwa magoti! Ukali wote ulikuwa unampita chini, na masikioni ulikuwa unamfikia ule uvuguvugu tu. Hedifoni zilikuwa zinamletea sauti kama maiki inavyoisikia, usoni kabisa, na sauti hiyo hakuwahi kukutana nayo. Basi si kwamba kisanduku kilikuwa kibaya. Radi alikuwa mgeni wa sauti yake mwenyewe.

Shangazi alichukua kispika kidogo, cha ukubwa wa mkate, akakiweka kwenye kigoda nyuma ya magoti ya Radi, kikiwa kimeelekezwa ukutani. Sauti yake haikuzidi birika linalochemka. Kurekodi kulipita kwenye kisanduku moja kwa moja. Kispika kilikuwa cha kumtuliza Radi tu. Radi akapiga. Akafumba macho. Wimbo ulipoisha, akauliza kwa nini hatukuanza hivi tangu mwanzo.

Kila gita alilirekodi katika njia mbili: moja yenye sauti ya kisanduku, nyingine gita tupu lisilotiwa kitu. Alisema ameyaona haya kwa mumewe: kitambaa kikishakatwa hakirudi, kwa hiyo weka kipande kizima pembeni. Mara ngapi kile kipande kizima kimetuokoa, siwezi kuhesabu. Mteja akitaka gita likali zaidi baada ya mwezi, Shangazi hulipitisha tena kwenye kisanduku na Radi haamshwi hata usingizini.

Siku ya hukumu mwenye nyumba aliketi chini, kwenye viti vya wagonjwa, kusikiliza. Juu tulipiga wimbo wetu mkubwa kuliko yote, Radi akiupiga kama ana ugomvi nao. Tulipomaliza, tukamsikia mwenye nyumba akipanda ngazi, na roho zetu zikiwa juu juu. Akaingiza kichwa mlangoni akasema, "Jamani, mimi nina shughuli zangu. Mnaanza saa ngapi?"

Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Mkurugenzi alimkumbatia mwenye nyumba, jambo ambalo hajalirudia tangu siku hiyo. Radi aliinama kuzima kispika chake, akakuta hakina umeme. Plagi ilikuwa imelala sakafuni. Kumbe Shangazi alikuwa akikipunguza sauti kidogo kidogo kila siku, kama mama anavyomwachisha mtoto ziwa, na siku ile hakukichomeka kabisa. Radi alikuwa amepiga wimbo mzima, vizuri kuliko alivyowahi kupiga, bila kitu nyuma ya magoti yake. Aliishika ile plagi, akaufuata waya wake mpaka kwenye kispika. Tulijua akikasirika, amekwenda. Shangazi naye alijua. Ndiyo siku pekee niliyomuona akikunja waya kwa kuuzungusha kwenye kiwiko. Kisha Radi akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, akasema, "Shangazi, umenilea vibaya." Hakwenda popote.

Baada ya hapo shemeji yetu, mke wa Radi, alinipigia simu kuuliza tumemfanya nini mume wake. Alikuwa ameacha kufungulia televisheni kwa sauti ya kuamsha mtaa, na usiku masikio yake hayapigi tena filimbi. Nikamwambia amshukuru Shangazi. Alimletea Shangazi kitenge kizuri, na Shangazi akakivaa siku hiyo hiyo juu ya nguo za kazi.

Tumerekodi hapa miaka tisa tangu wakati huo. Wiki iliyopita Radi alishuka kwa daktari wa meno kuomba ruhusa: kwenye sherehe ya Ijumaa, kliniki ikishafungwa, angependa kuiwasha amplifaya yake kwa wimbo mmoja. Daktari alimwangalia kwa mshangao. "Kumbe bado mpo?" akauliza. "Mimi nilidhani mlihama zamani." Radi alipanda ngazi mbio kumpa Shangazi habari hiyo. Shangazi amepata vyeti vingi katika maisha yake ya kazi, vimepangwa ukutani, lakini sikuwahi kumuona akijifuta machozi mbele ya cheti.

Daktari ameruhusu, na amesema naye atakuja, akae mbele.

Shangazi, ahsante kwa chumba hiki, na ahsante kwa kila aliyebaki ndani yake. Nenda ukapumzike na mzee wako na wajukuu, uwe na afya, na friji lako lisizimwe tena na mtu. Miaka yote hii umetufundisha kupiga bila kusikika. Ijumaa, kwa ruhusa yako, tutakupigia mpaka vioo vitikisike.