Gobore la Mashoto

Verna Stidham alikuwa amepakata gobore la marehemu mumewe, kaliviringisha ndani ya blanketi, anakwenda kuliuza. Basi lilikuwa likiwatoa abiria maegeshoni kuelekea soko la bunduki zinazoigiza zile za wawindaji wa kale wa Kentucky. Kiti cha mbele yake, wanaume wawili wasiojuana walikuwa wameshaanza kubishana.

"Mzee, si umesema unatumia mkono wa kulia?" aliuliza mwenye ndevu. "Sasa gobore la mashoto la nini? Baruti yake huwakia upande wa kushoto, cheche zitakurukia jichoni!"

"Baba alikuwa na mashoto," alijibu mzee mwenye kofia. "Lake tuliliuza wiki ile ile tuliyomzika. Tangu hapo natafuta linalofanana nalo."

"Fundi atakuchongea. Ila litakuwa jipya, mzee wangu. Halimjui baba yako."

"Nataka tu kuegemeza shavu pale alipokuwa akiegemeza lake."

"Kwenye mti mpya? Utaambulia harufu ya vanishi!"

Mwenye ndevu alicheka peke yake. Verna aliingiza mkono ndani ya blanketi, akapapasa kitako cha gobore upande wa kulia, pale shavu la mumewe Elbert, mwenye mashoto naye, lilipolainisha mti kwa miaka thelathini. Gobore hilo nalo lilikuwa la kuigiza tu, likinuka vanishi siku walipolinunua.

Basi lilisimama. Mwenye ndevu aliteremka huku bado anabisha. Mzee alisita mlangoni, akageuka.

"Nikupokee mzigo, mama?"

Verna alilikumbatia blanketi.

"Asante, baba. Mimi sishuki."