Ile Alama Nyeupe ku VCD

SHYAKA: Haloo? Haloo? Njo Papa Byamungu wa studio?

BYAMUNGU: Njo miye. Nani anaongea? Huku Mubi rezo iko inakatika-katika.

SHYAKA: Shyaka, wa Mweso. Ulifilmaka ndoa ya dada yangu Natacha, mbele uhamie huko.

BYAMUNGU: Aa, Shyaka! Habari ya nyumba? Mzee wako naye—

SHYAKA: Mzee alishakufa, Papa. Mwaka jana.

BYAMUNGU: Pole, mutoto yangu. Pole sana.

SHYAKA: Asante. Papa, ile VCD uliyotupatia imeniharibia. Leo nimeipeleka kwa wazee, waone ng'ombe ya mahari ya Natacha. Wameona makaro tu, viraba-viraba.

BYAMUNGU: VCD iko vile. Picha yake ni kadogo, televizyo njo inaivuta mpaka inapasuka makaro. Niliambiaka mzee achukue DVD. Akasema lekteri yenu inasoma VCD tu.

SHYAKA: Sasa nitafanya nini? Mzee alipokufa, ng'ombe ikapotea ku malisho. Juzi nimeikuta kwa jirani yetu Makuza. Iko na alama nyeupe ku paji, sawa na ya ku VCD. Nikamuita mwizi, njo maana tuko kwa wazee leo.

BYAMUNGU: Kwani weye haujue ng'ombe ya baba yako?

SHYAKA: Nilikuwa masomo, Goma. Miye naijua ku VCD tu. Papa, ile DVD bado iko?

BYAMUNGU: Iko. Ngoja niwashe... (mukwaruzo) Iyee! Kitenge ya mama yako, naona mpaka maua—

SHYAKA: Acha kitenge. Unite za simu ziko zinaisha.

BYAMUNGU: DVD ya kweli njo hii. Si zile za soko, filme makumi mbili ku sahani moja, zile ni VCD zimevaa koti—

SHYAKA: Papa Byamungu. Ng'ombe.

BYAMUNGU: Inaingia. Alama ulisema wapi?

SHYAKA: Ku paji, katikati.

(kimya)

SHYAKA: Haloo? Rezo imeenda?

BYAMUNGU: Rezo iko. Shyaka, hii haiko alama. Ni leso. Wamefunga leso nyeupe ku pembe, inaangukia ku uso. Upepo umeiinua. Chini ni kahawia tupu.

SHYAKA: Angalia tena.

BYAMUNGU: Nimesimamisha picha.

SHYAKA: Lakini VCD inaonyesha nyeupe!

BYAMUNGU: VCD haijui leso ao manyoya. Kwake yote ni karo moja nyeupe.

SHYAKA: Nilimuita mwizi mbele ya bibi yake, Papa. Mbele ya watoto yake.

BYAMUNGU: Huyo Makuza... ni ule murefu, wa kovu ku shavu?

SHYAKA: Njo yeye. Unamujua wapi?

BYAMUNGU: Niko namuona. Njo yeye anashika kamba ya ng'ombe. Mzee wako anacheka, amemuwekea mukono ku bega.

SHYAKA: Ule wa kamba? Ku VCD hana uso.

BYAMUNGU: Hapa iko nao. Naye anacheka.

(mukwaruzo)

BYAMUNGU: Shyaka? Unanisikia?

SHYAKA: Nasikia. Wazee wanaita tuingie. Makuza iko pale ku mulango, ananiangalia.

BYAMUNGU: Sasa utawaambia nini?

SHYAKA: Sijue. Haya, Papa, ubaki muzuri, unite ziko— (sauti inaenda mbali) Papa Makuza. Tafazali, Papa, mbele tuingie, nilikuwa nataka ku—

(simu imekatika)