Mama Mafupi, Aliyekataa Kunyanyuka Kitini

Dada yetu mpendwa, ambaye wengi mlimwita Mama Mafupi kwa kupenda maneno mafupi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa kifungua mimba kati ya watoto sita.

Alianza shule mwaka 1959, akaiacha darasa la tano mama alipougua na sisi wadogo tukahitaji mlezi. Aliagiza mwenyewe: "Msiandike kwamba sikusoma. Andikeni kwamba nilikatizwa." Tumeandika hivyo.

Kuanzia 1968 alishona shuka na mavazi ya wagonjwa hospitalini kwa miaka thelathini na minane. Kamusi kuukuu isiyo na jalada ilikaa wazi kando ya cherehani, imekandamizwa kwa mkasi. Kila alipomaliza pindo alisoma neno moja.

Mwaka 1974 aliolewa na fundi redio, naye akaleta nyumbani mchezo wa kupanga herufi ubaoni. Shemeji alipenda maneno marefu. Dada alisubiri, kisha akachomeka herufi mbili penye pointi mara tatu.

"Uo? Uo ndio nini?"

"Ala ya kisu, baba. Kisu unacho miaka yote, hujui kinalala wapi?"

Shemeji alinuna siku nzima, kesho yake akaomba wacheze tena.

Jumamosi ya tarehe 7 Novemba 1998, kwenye mashindano ya ukumbi wa maktaba, aliweka neno hilohilo dhidi ya mwalimu mkuu mstaafu. Mwamuzi aliliondoa bila hata kuuliza maana. "Mama, maneno ya jikoni hapa hapana. Mpishe mwingine."

"Sinyanyuki mpaka kamusi ije."

Kamusi ilikuwa imefungiwa ofisini, na mwenye ufunguo yuko kwake. Watu walicheka, wakaondoka, viti vikakusanywa, yeye kaketi tu, mkoba mapajani. Baada ya saa mbili ufunguo ulifika. Mwalimu mkuu ndiye aliyelisoma neno kwa sauti, kisha akarudisha herufi za Dada ubaoni kwa mkono wake mwenyewe. Wakamaliza mchezo; Dada alifungwa kwa pointi nne, akarudi nyumbani akiimba. "Nimefungwa," alisema, "lakini sikufukuzwa." Alicheza pale kila Jumamosi hadi 2021.

Mwaka huo daktari alimweleza kwa kunong'ona kwamba figo zimechoka. "Sema kwa sauti, mwanangu, sijamwibia mtu," alimjibu. "Na ukitaka kifupi, zinaitwa nso." Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, miaka mitatu, akibishana na wauguzi mpaka wakajifunza kucheza. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, binti yake mkubwa akimshika mkono. Alikataza tusiseme ugonjwa ulimshinda. Hatusemi.

Mumewe alimtangulia mwaka 2009. Ameacha mabinti wawili, mwana mmoja, sisi wadogo zake watatu, na wajukuu saba, wote wako shuleni, na hakuna atakayewakatiza. Mola ampokee, apumzike kwa amani.