Leokadia Ndunguru wa Jadida na Rozari Aliyoirudia

Baba Paroko, wanajumuiya, majirani zetu wa Jadida, na nyote mliotoka Chake Chake, Micheweni na bara kuja kutushika mkono, mimi ni Anselmi, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwaeleze maisha ya mama yetu.

Leokadia Kosmas Ndunguru alizaliwa tarehe 3 Februari 1955 katika kijiji cha Maguu, Mbinga, akiwa mtoto wa nne wa mzee Kosmas, mkulima wa kahawa, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, kisha akaenda kujifunza ushonaji kwa masista wa Peramiho, ambako, kama alivyopenda kutusimulia, alifundishwa mambo mawili, kukata kitambaa bila kukiharibu na kusali Rozari bila kusinzia.

Tarehe 18 Novemba 1978 alifunga ndoa na baba yetu, Benedikto Mapunda, askari polisi, na baba alipohamishiwa Wete mwaka 1982 mama alimfuata na cherehani yake, akafungua chumba cha kushonea hapa Jadida, akawa anashona sare za shule, kanzu za sikukuu na nguo za maharusi, hata baba alipostaafu hakuna aliyezungumzia tena kurudi bara. Mungu aliwajalia watoto watatu, mimi, mdogo wangu Fulgensi, na Immakulata, aliyezaliwa hapa Wete mwaka 1989.

Mwezi wa Mei 1998 Immakulata aliugua malaria iliyompanda kichwani, mama akaanza novena kwa Bikira Maria, akaisali pembeni ya kitanda bila kukosa, na siku ya tisa, novena ilipomalizika, mtoto akafariki. Tangu hapo mama aliifungia rozari yake kabatini, akaendelea kuja kanisani kwa ajili yetu lakini midomo ameifumba, usingizi ukampaa, na mmoja wetu akichelewa kurudi nyumbani alitetemeka mpaka akashindwa kushika sindano. Baba alipofariki mwaka 2012, mama hakuweza kuitikia hata sala moja kaburini, na sisi tuliogopa kumgusia jambo hilo.

Oktoba 2016 alikuwa amekaa barazani na jirani yetu Bi Zuweina binti Saud, ambaye naye amezika watoto wawili, na Bi Zuweina alikuwa ametoka kusali alasiri, tasbihi ingali mkononi, mama akamuuliza huwa anapata wapi la kumwambia Mungu, kwa sababu yeye amebaki na hasira tu, na hasira haimpi maneno. Bi Zuweina, ambaye yuko nasi hapa na ameniruhusu niyaseme haya, alimjibu, "Kwani mie natunga, Mama Anselmi? Nasoma yale niliyosomeshwa mdogo. Moyo ukitaka utakuja wenyewe."

Jioni ile mama alifungua kabati. Aliniambia baadaye kwamba alisali fungu moja tu la Rozari, kwa sauti ya mtu anayegombana, hakuhisi chochote, akalala mpaka kukacha. Kesho yake akasali tena, na baada ya miezi kadhaa wanajumuiya wakamsikia akiongoza Litania, na mafundi wenzake wakamsikia akicheka.

Machi 2024 aligundulika kuwa moyo wake umepanuka, nasi tukawa tunanong'onezana jinsi ya kumficha, lakini alimwuliza daktari mwenyewe, akaambiwa ukweli, akashukuru, akarudi nyumbani kumalizia nguo za watu za Idi. Mwaka uliofuata nguvu zilipomwishia alipokea Mpako wa Wagonjwa, na asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, tulikuwa nyumbani tukisali Rozari kumzunguka, Fulgensi akiongoza, akaanza kulia akaiacha sala katikati, mama akafumbua macho akamwambia, "Endelea, baba, mimi nafuata." Tukaendelea mpaka Litania, na katikati yake alikuwa ameshatutoka, kwa utulivu hata hakuna kati yetu aliyejua ilikuwa saa ngapi hasa. Tulilia, na pia, nasema kweli mbele yenu, tulishusha pumzi, kwa kuwa miaka mingi tulikuwa tukiogopa kwamba mama angekufa akitetemeka.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Wete waliomtibu kwa upole, Baba Paroko aliyekuja kila alipoitwa, wanajumuiya, mafundi wenzake wakiongozwa na Bi Mwanamize, ambao wameshona sanda yake kwa mikono yao, na majirani wa Jadida, waliotutandikia mikeka na kutupikia tangu siku ile hata hatukujua moto unawashwa wapi.

Mama, tunakukabidhi kwa Yule uliyegombana naye ukapatana naye. Pumzika kwa amani yake.